Sabuni ya maji lita 10: kazi iko kwenye chumvi

Leo tunatengeneza sabuni ya vyombo na sakafu. Andaa salfoniki nusu lita, slesi (uji mzito wa kuleta povu) robo kilo, soda ashi gramu 100 (siyo magadi ya makande), chumvi robo kilo, maji lita 10. Ndoo iwe ya plastiki, sufuria ya alumini italiwa. Vaa glavu. Salfoniki ina sura ya asali nyeusi, lakini ni asidi.

1. Usiku yeyusha soda ashi kwenye maji lita 1, ilale ipoe.

2. Changanya slesi na salfoniki kwa mwiko mpaka weusi ufifie. Ongeza maji lita 8, kikombe kwa kikombe. Wanaosema lazima ukoroge upande mmoja waache na yao; cha muhimu ni polepole. Ukikoroga kama unasonga ugali utabaki na ndoo ya povu.

3. Mimina maji ya soda kidogo kidogo. Itaumuka, ndiyo asidi inapoa makali. Pima kwa karatasi ya pH (inayoonyesha ukali wa asidi au soda). Ikisoma 7 au 8 acha, hata kama soda imebaki.

4. Yeyusha chumvi kwenye lita 1 ya mwisho. Tia nusu kikombe, koroga, inua mwiko. Mwanzoni inadondoka kama maji, baadaye inavuta uzi. Ikishavuta, simama hapo hapo! Ndoo yangu ya kwanza ilikuwa nzito vizuri, nikasema ngoja niongeze kidogo, ikarudi maji naiangalia.

5. Funika mpaka kesho povu litulie, tia rangi na manukato, fungasha. Chupa za soda hapana, watoto watakunywa.

Maswali ya wanakikundi

*Yangu chumvi imezidi, nimwage?*
Usimwage. Tengeneza nyingine isiyo na chumvi, uichanganye humo kidogo kidogo.

*Mikono inawasha nikioshea vyombo.*
Huenda soda imezidi. Pima, ikipita 8 irudishe kwa salfoniki, kijiko kimoja kimoja cha chai.

*Naweza kutia jiki ing'arishe choo?*
Hapana kabisa. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na vyoo vyetu vingi dirisha lenyewe ni tofali moja lililotolewa. Osha kwa sabuni, suuza, ndipo jiki.

*Na fomalini isiharibike?*
Wengi wanatia. Mimi sitii, ni sumu inayohusishwa na saratani. Nachemsha maji kwanza, natengeneza lita 10 tu, zinaisha kabla hazijanuka.