Namna ya kula chakula cha wenyeji Lubumbashi ukiwa katika safari ya kikazi

Wageni wengi wanaofika Lubumbashi, mji wa migodi ulio kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa ajili ya kazi, wawe mafundi wa migodi, wakaguzi wa hesabu au mawakala wanaofuatilia malori ya shaba yanayovuka mpaka wa Kasumbalesa kuingia Zambia, hulala katikati ya mji na kula kuku na chipsi za hotelini kila usiku, kisha huondoka wakisema kwamba mji huu hauna chakula chake. Kauli hiyo hutuuma sisi tunaoishi hapa. Chakula kipo, ni kitamu, na mara nyingi kinapikwa karibu kabisa na ofisi wanamofanyia kazi. Wanachokosa ni kujua saa ya kukitafuta na namna ya kukiulizia. Somo hili ni kwa ajili ya mtu mwenye siku chache na ratiba iliyojaa.

Hatua ya kwanza: jipangie kula mchana

Hili ni kubwa kuliko mengine yote. Malewa, yaani vibanda na nyumba ndogo za kulia ambamo mama mmoja na wasaidizi wake hupika kwa makaa, huwalisha watu walio kazini. Masufuria huinjikwa asubuhi, chakula huwa tayari kuelekea saa sita, na ikifika saa nane sombe nzuri, yaani mboga ya majani ya muhogo, imekwisha. Mgeni anayetoka mkutanoni saa kumi na moja jioni na kuanza kutafuta malewa atakuta vyombo vimeoshwa na mabenchi yameinuliwa. Kwa hiyo, mnapopanga ratiba na wenyeji wako, omba mapema mapumziko ya mchana yasiyopungua saa moja na nusu, na ueleze sababu. Hakuna Mlushois, yaani mwenyeji wa Lubumbashi, atakayekunyima mapumziko hayo akisikia kwamba unataka kula bukari, yaani ugali wetu.

Hatua ya pili: muulize anayekula huko kila siku

Mtu wa mapokezi ya hoteli, kwa nia njema kabisa, atakuelekeza kwenye mgahawa wenye vitambaa vya meza. Badala yake msalimie dereva, mlinzi au karani wa ofisi unayoitembelea, umjulie hali, kisha umuulize yeye mwenyewe anakula wapi saa sita. Ukiuliza mahali anapokula, atakujibu kwa ukweli. Ukiuliza mahali pazuri, atakutajia pale anapodhani panakufaa mgeni. Mwalike mwende pamoja na umlipie sahani yake. Ni muhimu zaidi ikiwa mnakwenda katika komini (sehemu za mji) za Kenya, Katuba au Kamalondo, ambako vyakula ni vingi na vichochoro ni vingi pia, na mgeni aliye peke yake hupoteza nusu ya mapumziko akitafuta njia.

Hatua ya tatu: tazama sufuria kabla ya kukaa

Ukifika, msalimie mpishi kwa kumwita Mama, hata kama ni mdogo kwako kwa umri, kisha umwombe akufunulie masufuria. Ombi hilo si utovu wa adabu, maana wateja wa kila siku hulifanya, na Mama anayejiamini atafunua kimoja baada ya kingine akikitaja.

Anza na sombe. Majani ya muhogo yana sumu ya asili inayopungua yakitwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, kwa hiyo usitafute rangi ya kijani inayong'aa: sombe iliyoiva huwa na kijani kizito kilichofifia, mafuta ya mawese yamejitenga kidogo pembeni, na ukiichota haionyeshi vipande vya majani vilivyo vigumu. Wengine huiunga kwa karanga, wengine kwa samaki mkavu. Mimi huona kwamba sombe ya karanga ndiyo inayomfaa anayeionja kwa mara ya kwanza, kwa kuwa karanga huyatuliza mawese. Kama hupendi sombe, omba lengalenga (mchicha) au matembele (majani ya viazi vitamu), ambayo huiva upesi na ni mepesi tumboni kwa mtu anayerudi mkutanoni.

Kwa upande wa samaki, uliza anatoka wapi. Tomsoni ni samaki wa baharini anayeletwa akiwa amegandishwa, na ndiye rahisi kumpata; si mbaya, lakini utamkuta miji mingi ya Kongo. Samaki wa mto Luapula na ziwa Mweru, wanaofika kwetu kwa njia ya Kasenga, ndio walioulisha mji huu kwa vizazi, na siku wanapokuwapo usiwaache. Kapenta wakavu, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, waliokaangwa kwa nyanya na kitunguu hupatikana takriban kila siku.

Bukari itakuja bila kuiomba. Katanga, eneo letu hili, ni nchi ya mahindi, ingawa wapishi wengi huchanganya na unga wa muhogo, ambao huifanya inate zaidi na kuwa na harufu kidogo ya uchachu. Kama hujazoea muhogo, sema mapema kwamba unataka ya mahindi matupu. Utaletewa maji na sabuni ya kunawa. Kula kwa mkono, kwa sababu kijiko hakiwezi kukuonyesha kama bukari imesongwa vizuri.

Kuna kimoja ambacho ningemsihi kila mgeni akionje: kikanda. Ni mizizi ya okidi (mimea ya maua) za porini iliyotwangwa, ikachanganywa na unga wa karanga na pilipili, ikapikwa hadi ikashikamana na kukatwa vipande kama soseji nene. Haina nyama hata kidogo, lakini anayeila bila kuambiwa huapa kwamba ni nyama. Katika majira ya mvua uliza pia uyoga, kwa sababu misitu ya miombo inayouzunguka mji hutoa aina nyingi, ikiwa ni pamoja na ule mkubwa wa kwenye vichuguu unaouzwa kando ya barabara, ambao kofia moja hutosha kulisha familia.

Hatua ya nne: jioni iwe ya michopo

Michopo ni nyama ya mbuzi iliyochomwa kwa makaa, na ndiyo inayoikoa jioni ya mtu aliyebanwa na kazi mchana kutwa. Mchomaji huwa na vipande vikubwa vilivyokwisha kuiva nusu. Unachagua mguu au mbavu, unataja fedha uliyo nayo, naye hukikata juu ya gogo, mifupa na yote, akakirudisha motoni, kisha akakimwagia chumvi, kitunguu kibichi na pilipili na kukikunja ndani ya karatasi. Simama pale umtazame akikirudisha motoni, na usikubali aruke sehemu hiyo kwa sababu foleni ni ndefu. Umeme hukatika mara kwa mara, hivyo nyama iliyolala frijini haina uhakika, lakini mahali penye foleni nyama hailali. Siku TP Mazembe, klabu ya soka ya mji huu, inapocheza kwenye uwanja wake wa Kamalondo, nenda kabla ya mechi kwisha.

Hatua ya tano: malipo

Beba faranga za Kongo katika noti ndogo. Dola hupokelewa mjini, lakini noti iliyochanika hata kidogo hukataliwa, na Mama wa malewa hana chenji ya noti kubwa.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Dodoma: Ofisi yangu hairudishi fedha bila risiti. Nifanyeje mahali kama hapo?

Jibu: Ndugu yangu, malewa mengi hayatoi fakture, na si haki kumlazimisha Mama aandike karatasi ambayo hana. Kabla ya kusafiri, omba ofisi ikupe posho ya siku badala ya kurudishiwa matumizi. Ikishindikana, kula mchana kwa fedha yako, kwani ni kidogo, na risiti uichukue kwenye chakula cha jioni cha hotelini.

Mwanachama wa Mombasa: Mimi ni Mwislamu. Je, michopo naweza kula?

Jibu: Dada, muulize mchomaji ni nani aliyechinja, kwa sababu wachomaji wengi si Waislamu na mbuzi hawachinjwi kwa desturi mnayoifuata. Usipopata jibu la wazi, shika samaki, kapenta, maharagi na mboga. Hata hapo, uliza kama mboga imeungwa kwa nyama.

Mwanachama wa Kigoma: Nimesikia juu ya munkoyo. Ni salama kwa mtu mwenye mkutano kesho yake?

Jibu: Munkoyo hutengenezwa kwa uji wa mahindi uliopikwa na kuachwa upoe, kisha hutiwa mizizi ya mmea wa porini iliyopondwa, ambayo huulainisha uji mzito na kuufanya kinywaji chepesi chenye utamu. Tatizo ni kwamba mizizi huingia baada ya uji kupoa, kwa hiyo usafi wa mizizi, mikono na chombo ndio unaoamua. Unywe nyumbani kwa mwenzako wa kazi, ukiwa wa jana. Ukikaa zaidi huchacha na kuanza kulevya. Wa barabarani uuache hadi kazi ikwishe.

Mwanachama wa Mbeya: Naweza kubeba kikanda kuipelekea familia?

Jibu: Hapana, uile hapahapa. Biashara ya okidi kuvuka mipaka inasimamiwa na mkataba wa kimataifa, na mizizi hiyo imechimbwa kupita kiasi pande zote, hata kwenu kwenye nyanda za Kitulo. Wapelekee kapenta wakavu waliofungwa vizuri, na uulize masharti ya forodha kabla ya kufika mpakani.