Mzazi ana dimenshia na hataki kuondoka kwake, mnafanyaje

Kama una mzazi kijijini mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, na kila mkimwambia aje mjini anagoma, hii ni kwa ajili yako. Natumia mfano wa Kilimanjaro kwa sababu ndiko ninakokujua. Mama yetu mkubwa yuko Machame, mjane, watoto wametawanyika Dar, Arusha na Moshi mjini, na jibu lake ni moja tu, "kihamba nimwachie nani?", yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba. Na ukilifikiria vizuri hilo swali lina uzito, maana mume wake amezikwa hapo hapo kwenye migomba, ng'ombe yuko zizini, kahawa ameipalilia kwa mkono wake miaka yote, majirani karibu wote ni mashemeji na mawifi. Sasa umtoe pale ukamweke chumba cha wageni Mbagala, geti limefungwa, hajui hata choo kiko upande gani. Mtu mwenye dimenshia nyumba ngeni inamchanganya zaidi, kwake angalau miguu inajua njia hata kichwa kikisahau.

Kwa hiyo msianze na vita ya wapi ataishi. Anzeni na siku yake ilivyo: moto, dawa, chakula, pesa, njia. Hivyo vikikaa sawa anaweza kukaa kwake muda mrefu tu, na visipokaa sawa hata mkimleta mjini mtakuwa mmehamisha shida.

Na jueni kwamba anapokataa kuwa ana tatizo mara nyingi sio ukaidi. Ubongo ukiharibika sehemu fulani mtu anashindwa kabisa kuona kwamba kuna kitu kimebadilika, yaani yeye kwa macho yake yuko sawa na nyie ndio mnamsumbua. Ukimwambia "mama unasahau sana siku hizi" atasikia kama tusi, na ukimletea ushahidi mtagombana, kesho atakuwa amesahau ulichosema ila ile hasira inabaki.

Kabla ya yote, hospitali. Watu wanaruka hii hatua kwa sababu wanasema ni uzee, ila uzee peke yake haumfanyi mtu asahau njia ya kwenda kanisani anakoenda kila Jumapili. Na kuna vitu vinavyofanana na dimenshia ambavyo vinatibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi chini ya kiwango, kaswende ya zamani, maambukizi ya VVU, sonona, damu kuvujia kwenye ubongo baada ya kuanguka, hata masikio na macho tu, maana mzee asiyesikia atajibu vitu ambavyo hujauliza na mtasema amechanganyikiwa. Dawa nazo ziangalieni. Piriton ambayo watu wanampa mzee ili alale, pamoja na dawa nyingi za usingizi, zinavuruga akili ya mzee, kwa hiyo bebeni kila kidonge kilichoko kwenye ile mifuko ya nailoni kabatini mkamwonyeshe daktari. Kumpeleka semeni tunaenda kupima presha, na hamdanganyi maana presha inapimwa kweli na ni muhimu, presha ya muda mrefu na sukari vinachangia dimenshia kwa wengi. Mmoja wenu aandike kabla mambo anayoyaona nyumbani, nini na kimeanza lini, ampe daktari pembeni ili mzee asikae pale anasikiliza anavyosimuliwa. Daktari au nesi anaweza kumpa vipimo vya kumbukumbu ambavyo havihitaji kujua kusoma, kuna kimoja mtu anaambiwa apange njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa, kinatumika hata kwa bibi ambaye hajawahi kuingia darasani. Kama hana bima, ana miaka 60 na zaidi na hana uwezo, sera inampa msamaha kwenye hospitali za serikali, utambulisho unaanzia serikali ya kijiji, fuatilieni mapema kabla hamjauhitaji.

Ukitoka hospitali nenda kakae naye. Sio ile ya Krismasi ambapo nyumba imejaa na kila mtu anapika na mzee amekaa tu anasalimiwa, hapana, nenda siku za kawaida, kaa siku kadhaa, usimfanyie kitu, angalia tu. Anaamka saa ngapi, anawasha moto vipi, chumvi anaweka mara ngapi, ng'ombe amepata majani au amelia mpaka jirani akaleta, dawa ya presha amekunywa au amekunywa mara mbili. Kwenye simu hutajua kitu. Wazee wengi wana uwezo mkubwa wa kuongea vizuri dakika tano, shikamoo marahaba, wajukuu hawajambo, nimekula vizuri, mungu awabariki, na wakati huo sufuria ina ugali wa juzi umeota ukungu. Pia angalia anachoweza, hicho ndio usikiguse. Kama bado anachagua maharage, anafagia uwanja, anamenya ndizi, mwache afanye hata kama anachelewa, mzee anayenyang'anywa kazi zote anazorota haraka na anakuwa na hasira.

Moto ndio unaniogopesha kuliko yote. Kama ana jiko la gesi, mtungi ufungwe na regileta ikae kwa anayemsaidia. Kama ni mafiga, moto uwashwe akiwepo mtu, viberiti visizagae. Na mwezi wa sita na wa saba kule mlimani kuna baridi kali, wazee wanaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha, hiyo inaua mtu usingizini, hewa ya mkaa haina harufu ya kumshtua. Mnunulieni blanketi zito na sweta mbili, na jiko la mkaa usiku lisiwepo ndani ya nyumba kabisa, yaani kabisa, lifungiwe mahali.

Halafu ingia stoo. Nenda na mfuko, toa kila chupa. Nyumba nyingi zenye kahawa na mahindi utakuta dawa ya kupulizia imewekwa kwenye chupa ya soda, mafuta ya taa kwenye chupa ya maji ya kunywa, dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye kopo la siagi. Yeye zamani alijua kipi ni kipi. Sasa hivi akisikia kiu atafungua chupa inayofanana na chupa ya kunywea. Vyote viondoke hapo, kama shamba linahitaji dawa ikae kwa jirani au kwa anayepulizia.

Sasa mtu wa kukaa naye, hapa ndio familia nyingi zinakwama kwa sababu wanamtambulisha vibaya. Wanampeleka binti wanasema "mama huyu amekuja kukuangalia." Anaangaliwa kwani yeye mtoto? Binti anafukuzwa siku ya pili. Jaribuni kumleta kwa njia inayomwacha mama akiwa mwenye nyumba: huyu binti anahitaji pa kukaa, utamfundisha kazi za kihamba, atakusaidia kukata majani ya ng'ombe. Na yawe ya kweli, binti akate majani kweli, amwulize mama kweli ndizi hii inapikwaje. Kuna watu wanaona hii ni kumdanganya mzee, mimi sioni hivyo, naona ni kumpa heshima yake akiwa bado anaweza kuipokea. Anza kidogo, aje mchana tu, baadaye alale siku ambazo mvua ni kubwa, mpaka mama amzoee. Ila nawaombeni, asiwe mjukuu wa darasa la tano aliyetolewa shule. Chukueni mtu mzima, mlipeni mshahara wa maana kila mwezi bila kukumbushwa, apate siku za kupumzika, na mumweleze ugonjwa ulivyo kwa sababu siku mama atakapomwita mwizi lazima ajue sio yeye anayesemwa, ni ugonjwa.

Maana hilo litatokea. "Mmeniibia hela zangu." Usibishe na usiapie. Sema, "pole mama, hebu tutafute wote," halafu tafuteni kweli: chini ya godoro, ndani ya ndoo ya unga, kwenye mfuko wa koti la marehemu baba, ndani ya mto. Jifunzeni sehemu zake za kuficha, mziache hivyo hivyo, maana akipata mwenyewe anatulia. Akiulizia mtu aliyekufa msimpe habari za msiba kila siku, kwake ni msiba mpya kila mara. Mwulize huyo mtu alikuwaje, atakusimulia na moyo utashuka. Na tuache ile ya kupiga simu na kuuliza "mama unanijua mimi ni nani?" Ni mtihani, akikosea anaona aibu. Anza wewe, "shikamoo mama, mimi mwanao wa mwisho, niko Arusha."

Pesa. Hizi simu zimeleta balaa kwa wazee, anapigiwa na mtu asiyemjua, anaambiwa taja namba ya siri, anataja. Kwenye laini yake kaeni na hela ndogo tu ya matumizi ya siku chache, akiba ikae kwingine, na matumizi yaandikwe kwenye daftari ambalo kila mtoto anaweza kulisoma akifika. Noti chache za mkononi mwachieni, mwanamke aliyezoea kutoa sadaka na kununua chumvi mwenyewe ukimwacha bila hata mia utakuwa umemvunja. Kihamba ndio kikubwa zaidi. Mtu anaweza kumjia na karatasi na wino akaweka dole gumba bila kujua ameuza nini, na wakati mwingine huyo mtu ni wa ukoo. Mwenyekiti wa kijiji na wa kitongoji waambiwe mapema kwamba hamna uuzaji wowote bila kikao cha familia, kikao kifanyike kweli, muhtasari uandikwe na usainiwe. Kama kuna mambo ya kisheria ya kuweka sawa nendeni kwa mwanasheria sasa hivi akiwa bado anaelewa anachosaini, ukichelewa hiyo nafasi inapotea.

Majirani waambieni ukweli, msione aibu. Najua familia nyingi zinaficha, ila kuficha ndiko kunakoleta maneno. Mzee mwenye dimenshia anaweza kutoka usiku, anaweza kukutwa hana nguo kwenye uwanja wa mtu, na nchi hii tumeshapoteza wazee, hasa akina mama wa Kanda ya Ziwa, kwa kuitwa wachawi. Mtu aliyepotea usiku anasemwa ameanguka na ungo. Kwa hiyo jirani akijua kabla, siku hiyo atamshika mkono amrudishe ndani. Ongeeni na balozi wa nyumba kumi, na mchungaji au katekista, na mama wa jumuiya. Waambieni ni ugonjwa wa ubongo, hauambukizi na sio laana ya ukoo. Pale pale wilaya ya Hai, iliko Machame, utafiti uliofanyika kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea ulikuta kama 6 katika kila 100 wana dimenshia, yaani kwenye kanisa lolote lenye wazee wengi wapo kadhaa.

Vijana wa bodaboda pale njia panda wanamwona kila anayepita, wapeni namba ya simu na muwaombe wakimwona anateremka peke yake wapige. Namba hiyo hiyo ishoneni kwenye pindo la kitenge na ndani ya sweta, karatasi inapotea. Kaeni na picha yake ya karibuni kwenye simu. Akipotea msisubiri kukuche, anzeni na karibu, migombani, chooni, zizini, kando ya mfereji, kwenye makorongo, halafu njia ya kwenda kwao alikozaliwa maana wengi wanaelekea huko, na mwenyekiti na polisi wajulishwe saa hiyo hiyo.

Kuna wakati kukaa peke yake kutakwisha, na ni vizuri mkubaliane mapema dalili zenyewe ili siku ikifika msianze kubishana kwenye grupu la WhatsApp. Ameunguza kitu, ametoka usiku, nguo zinamlegea kwa kukonda, ameanguka, anajisaidia pasipo choo, anafungulia wageni asiowajua. Ikitokea moja kati ya hizo sio swali tena kama awe na mtu usiku. Mimi naona bora mtu ahamie kwake kuliko yeye kuhama, na kama lazima ahame basi aende kwa mtoto mmoja na abaki hapo, na kitanda chake, shuka zake na kile kigoda chake viende naye. Ile tabia ya kumzungusha, mwezi huu kwa kaka, mwezi ujao kwa dada, mnaona ni haki kwa watoto lakini kwa mzee ni kuanza upya kila mwezi, kila mara choo kipya, mlango mpya, sura mpya.

Na yule anayebaki naye, mara nyingi ni binti au mkwe mmoja tu, msimfanye kama mtumishi wa ukoo. Kutuma hela halafu kutoa amri kwa simu hakutoshi. Wa Dar wapange zamu ya kuja kukaa, yeye aondoke kabisa, akalale kwingine, na asiulizwe ameenda wapi. Kama ameacha kazi kwa ajili ya mama alipwe, mkubaliane kiasi kwenye kikao na kiandikwe.

Jambo la mwisho ambalo kila anayelala pale nyumbani alijue. Dimenshia inazidi taratibu, miezi na miaka. Mama aliyekuwa sawa sawa na hali yake jana halafu leo ghafla hamjui mtu, anaongea na ukuta, amesinzia mchana kutwa au amekuwa mkali kupita kawaida, hiyo inawezekana ni UTI, nimonia, malaria, sukari imeshuka au amepungukiwa maji. Na mdomo ukipinda au mkono mmoja ukilegea hiyo ni kiharusi, hapo dakika zinahesabika. Msiseme ugonjwa umezidi mkasubiri Jumatatu, mpelekeni siku hiyo hiyo hata kama ni usiku, na daktari aambiwe wazi kwamba jana hakuwa hivi.