Namna ya Kuutembelea Msitu wa Huelgoat, Bretagne

Ukifika Huelgoat, kijiji cha Finistère magharibi mwa Ufaransa, anza matembezi yako kwenye ziwa, ambalo si la asili bali lilitengenezwa katika karne ya 18 ili kuipatia maji migodi ya risasi na fedha iliyokuwa jirani. Hatua chache kutoka hapo mto unazama chini ya rundo la mawe makubwa ya graniti, na kwa kuwa mawe hayo huwa na unyevunyevu hata wakati wa kiangazi, ni lazima uvae viatu visivyoteleza.

Ukilifikia Jiwe Linalotikisika, lenye uzito wa zaidi ya tani 100, usilisukume kwa mikono; tafuta pembe yake inayofaa, uegemeze mgongo, kisha usukume taratibu kwa kurudiarudia mpaka lianze kuyumba. Binafsi sijui furaha ya msituni inayoizidi hiyo.

Wazee na watoto wafuate njia ya kando ya mfereji wa migodi, ambayo ni tambarare. Mwenye nguvu apande hadi Camp d'Artus, ngome ya kale ya Wagalia, wenyeji wa kale wa Ufaransa, akichunga asing'oe jiwe lolote.