Mkristo Mwanafunzi Ujerumani: Ipange Wiki Yako Mapema

Wadogo zangu mnaokuja Ujerumani kuanza muhula wa Oktoba, maswali yenu huwa yaleyale: viza, benki, koti zito. Majibu ya hayo mtayapata kila kona. Mimi niseme la Mkristo anayetaka kusoma na kubaki Mkristo, maana hapa Leipzig ninaposoma hakuna mzee wa kanisa atakayekugongea mlango kuuliza mbona Jumapili hukuonekana. Usipojipangia mwenyewe, muhula utaisha hujakanyaga kanisani wala hakuna atakayekusema.

Wa kwanza kukuuliza habari za imani yako atakuwa serikali. Ndani ya wiki mbili tangu uhamie chumbani unatakiwa uandikishe makazi yako ofisini, Bürgeramt. Beba pasipoti na barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba unaishi pale; wa hosteli za wanafunzi huipata kwa wasimamizi. Miadi itafute mtandaoni mapema, kwa sababu wanafunzi wote wageni mnaitaka wakati mmoja. Kwenye fomu kuna sehemu ya dini, na wengi huijaza wakiwa na haraka ya kuondoka.

Ukijaza kwamba wewe ni Mkatoliki au Mprotestanti wa kanisa la jimbo, ambalo ndilo Walutheri wengi tunaingia, jina lako linaingia kwenye kodi ya kanisa. Kodi hiyo hukatwa na serikali pamoja na kodi ya mapato, kisha kanisa likapelekewa chake. Huku Saksonia ni asilimia 9. Bavaria na Baden-Württemberg ni asilimia 8. Hapo ndipo watu hutishana kwenye magrupu ya WhatsApp, basi soma taratibu: ni asilimia 9 ya kodi ya mapato, si ya mshahara. Ukikatwa kodi ya mapato euro 100, kanisa linapata euro 9 juu yake. Usipodaiwa kodi ya mapato, kanisa nalo halikudai kitu. Mwaka 2025, mapato ya kutozwa kodi yasiyozidi euro 12,096 kwa mwaka hayakukatwa, na mwanafunzi wa kibarua cha saa chache kwa wiki hafiki huko. Wa kukaa na kikokotoo ni wale wa shahada ya uzamivu wenye mkataba wa ajira.

Wapo watakaokunong'oneza uandike huna dini. Mimi sikubaliani nao. Petro alikana usiku wa hatari, akiota moto na watu wa kuhani mkuu. Wewe utakuwa umeketi kwenye kiti cha ofisi na kalamu mkononi. Isitoshe, kujitoa kanisani rasmi, ambako hufanyika mbele ya mahakama au ofisi ya serikali kulingana na jimbo, si jambo dogo kwa Mkatoliki: mwaka 2012 maaskofu wa Ujerumani walitoa amri kwamba anayejitoa hivyo hapokei sakramenti. Wapentekoste, Wabaptisti na Wasabato hamna wasiwasi huo. Makanisa yenu huku hayakusanyi kodi, mtaendelea na zaka na sadaka kama mlivyozoea. Ukiwa na shaka ujaze nini, muulize mchungaji au padri wa huku kabla ya siku ya miadi, si baada.

Na kwa kuwa nimetaja zaka: huwa naulizwa kama zile fedha zinazofunguliwa kila mwezi kwenye akaunti iliyofungwa ya viza (mwaka 2025 zilikuwa euro 992) nazo zitolewe fungu la kumi. Hiyo ni akiba aliyoiweka mzazi au mfadhili wako, si mavuno yako. Mimi hutoa zaka ya kibarua changu. Ya akiba namwachia aliyeivujia jasho.

Wiki ya kwanza, kabla masomo hayajaanza kukubana, tafuta jumuiya ya wanafunzi. Karibu kila mji wenye chuo kikuu una jumuiya ya Kiprotestanti, ESG, na ya Kikatoliki, KHG. Zote mbili zina mchungaji au padri anayewahudumia wanafunzi, na hutakiwi kuwa wa dhehebu lao ili upite mlangoni. Ipo pia SMD, iliyoanzishwa mwaka 1949, ambayo ni ya vikundi vya Biblia vinavyoendeshwa na wanafunzi wenyewe. Kama umezoea kusali kwa uhuru na kuombeana kwa majina, anzia huko. Ushauri wangu: nenda jioni yenye chakula, na uende mapema wakati vitunguu bado vinakatwa. Kijerumani chako kibovu hakitamsumbua mtu anayetafuta wa kumenya viazi, na utakapofika wakati wa kuketi mezani utakuwa na watu wawili watatu wanaojua kulitamka jina lako. Wengi huja chakula kikishaiva, wakae pembeni, kisha waseme Wajerumani ni wagumu.

Jumuiya hizi zina faida nyingine ambayo watu huijua wakiwa wameshazama. Fedha zikikatika ghafla, mchungaji wa wanafunzi anaweza kukuombea msaada wa dharura kutoka mifuko ya kanisa iliyotengwa kwa wanafunzi wa kigeni. Usisubiri hadi kodi ya chumba ifike miezi mitatu. Kuna pia programu ya STUBE, yenye semina za mwishoni mwa wiki kwa wanafunzi kutoka Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, na kwa wengi wetu ni safari ya kwanza ya nje ya mji isiyotuumiza mfuko.

Jumapili yenyewe sasa. Ibada ya usharika wa kawaida ni kama saa moja, watu wametawanyika kwenye mabenchi, wengi wazee, na hakuna atakayekuita mbele ujitambulishe. Usidhani hawakutaki. Namba za nyimbo zimebandikwa kwenye ubao ukutani. Chukua kitabu mlangoni, fungua, imba hata kama huelewi, kwa kuwa tuni nyingi Mlutheri anazijua tangu kipaimara. Namba 362 ni ule wimbo wa Luther wa Mungu aliye ngome. Siku ukipigwa kwa kinanda utajikuta unaimba kwa Kiswahili bila kukusudia, na jirani yako atageuka. Jifunze Baba Yetu na Imani ya Mitume kwa Kijerumani kabla hujapanda ndege. Masomo ya siku yasome asubuhi kwa Kiswahili, mahubiri yatapenya zaidi. Ibada ikiisha usikimbie: kahawa ya baada ya ibada ndipo watu hawa hufunguka.

Leipzig tumebarikiwa zaidi ya miji mingi. Bach, yule mtunzi wa muziki, alikuwa mwalimu wa muziki wa kanisa la Thomaskirche kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750, na kaburi lake limo humo. Ijumaa saa kumi na mbili jioni na Jumamosi saa tisa alasiri kwaya huimba Motette, ambayo ni sala ya nyimbo kuliko onyesho. Wiki za mitihani mimi naipenda kuliko ushauri wowote wa kisaikolojia.

Maduka hufungwa Jumapili, na ulinzi wa siku hiyo umo ndani ya katiba. Nunua Jumamosi kabla ya jioni; zaidi ya hapo ni maduka ya stesheni kuu, na bei zake zinajua kwamba huna pa kwenda. Msabato ana hesabu nyingine kabisa. Desemba jua la Leipzig huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo Ijumaa Sabato inaanza huenda ukiwa bado maabara. Juni jua hilohilo linazama saa tatu na nusu usiku. Ratiba za mitihani ya Jumamosi ziangalie mwanzo wa muhula na umwandikie mhadhiri wakati huohuo.

Kibarua: sheria inakuruhusu siku 140 kamili au 280 za nusu kwa mwaka. Zamu za Jumapili kwenye mighahawa na nyumba za wazee hutafutiwa mtu kila mara, na ukikubali moja utaonekana wa Jumapili zote. Sema siku unazoweza kwenye usaili, kwa sauti ya kawaida, bila kueleza theolojia.

Maombi ya sauti chumbani yana mwisho wake saa nne usiku. Kuta za hosteli ni nyembamba, na jirani ana haki ya usingizi. Mimi huomba nikitembea kando ya mfereji wa Karl-Heine, simu sikioni ili nionekane naongea na mtu. Kesha la nyumbani kwa simu linawezekana pia: Tanzania na Kenya ziko mbele yetu saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa joto.

Rafiki zako wengi watakuwa hawakubatizwa, wala wazazi wao. Eneo hili lilikuwa chini ya serikali ya kikomunisti kuanzia 1949, na Mkristo alipata taabu kupanda shuleni na kazini. Mwenzako akikuuliza kama kweli unaamini, anauliza kwa udadisi; mjibu kwa ufupi, kisha umuulize bibi yake alikuwa wapi tarehe 9 Oktoba 1989. Usiku ule watu wapatao 70,000 waliandamana hapa mjini dhidi ya serikali ile, baada ya maombi ya amani ya kanisa la Nikolaikirche na makanisa mengine. Maombi yale bado yapo, kila Jumatatu saa kumi na moja jioni. Mwalike. Wasioingia kanisani kamwe huingia pale.

Krismasi ndiyo inayowaangusha wengi. Huku sikukuu ni jioni ya tarehe 24: ikifika saa nane mchana maduka yanafungwa, wenyeji wako kwao, hosteli imebaki wewe na friji. Mwambie mchungaji wa wanafunzi tangu Novemba kwamba utakuwa peke yako, bila haya, maana wapo wenyeji wanaotafuta mgeni. Ukialikwa saa kumi na moja, fika saa kumi na moja. Ibada ya tarehe 24 wahi nusu saa, vinginevyo utasimama. Ile ya tarehe 25 asubuhi, ambayo kwetu ndiyo kubwa, utaikuta na benchi tele, kaa mbele.