Kabla Hujawatilia Ndege Mtama Uani

Sinia la kwanza nililowawekea ndege uani kwetu Kisauni, Mombasa, lilidumu siku tatu. Nilinunua kilo mbili za mtama soko la Kongowea, nikauchanganya na wali uliolala, nikalipandisha sinia juu ya ukuta nikingoja minana, jurawa na tetere. Siku ya kwanza walikuja jurawa wawili. Siku ya pili alitua kunguru mmoja, akatazama huku na huku, akala wali, akaenda zake bila kelele. Siku ya tatu walikuwa kumi na kitu, na jirani yangu, mama mtu mzima asiyepitwa na jambo, akachungulia: "Mwanangu, siku hizi wawalisha kunguru?" Sinia nikaliteremsha saa ileile. Kunguru lakini hawakuondoka. Walishinda wiki nzima wakiizunguka nyumba, na katika kuzunguka huko wakakiona kiota cha shore kwenye mkomamanga. Mayai mawili yaliliwa asubuhi moja, mimi nimesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi.

Haya basi ni kwa anayetaka kuanza kaskazi hii, asianzie nilipoanzia mimi.

La kwanza ni kujua unamlisha nani, na ana haja gani. Desturi ya kuwalisha ndege wakati wa baridi imetoka nchi za theluji, na huko ina sababu nzito. Usiku wa Januari ni mrefu, wadudu hawaonekani, ardhi imeganda, na kindege cha gramu kumi na kitu huweza kupoteza hata sehemu ya kumi ya uzito wake usiku mmoja, kwa kujipasha joto tu. Kikiamka kisipate chakula mapema, huenda usiku wa pili kisiuvuke. Ndiyo maana watu wa Uingereza na Marekani hutundika mbegu za alizeti na mafuta ya ng'ombe yaliyogandishwa. Mombasa hafi ndege kwa baridi. Kipupwe chetu cha Julai na Agosti, kikizidi sana, ni nyuzi ishirini za alfajiri, na sisi tayari tushatoa masweta. Mafuta ukiyatundika hapa, saa nne hazijafika yashayeyuka, yananuka, yanamganda ndege kwenye manyoya. Hilo liache kama lilivyo huko kwao.

Baridi yao sisi huijua kwa wageni. Kuanzia Septemba na Oktoba mbayuwayu huanza kushuka kutoka Ulaya, gramu ishirini hivi za mnyama aliyevuka jangwa la Sahara kwa mabawa yake. Keremkerem wa Ulaya hupita juu kwa makundi, na mara nyingi utawasikia kabla hujawaona. Wengine huenda mbele mpaka kusini mwa Afrika, wengine hubaki nasi mpaka Machi au Aprili, kaskazi inapokatika. Sasa jambo ambalo wengi hatulifikirii tunapobeba mfuko wa mtama: karibu wageni hawa wote ni walaji wa wadudu. Mbayuwayu hatui sinia kuokota punje. Kuna kindege kimoja cha rangi ya vumbi, kifua kina michirizi, ambacho huja kila mwaka kukaa kwenye kamba yetu ya kuanikia nguo. Hukaa wima, kimya, kama askari wa zamu. Ghafla huruka, hunasa nzi hewani, na ukiwa karibu utausikia mdomo ukifunga, tak, kisha hurudi palepale kwenye kamba. Mgeni kama huyo humbwagii chakula. Unachofanya ni kutokipiga dawa chakula chake. Kabla ya Oktoba niliacha kupuliza dawa ya wadudu nje ya nyumba, na majani makavu yaliyo chini ya mwembe siyachomi tena. Mke wangu hajalikubali hilo la majani.

Kitu ambacho ndege wote wanakihitaji, wenyeji kwa wageni, ni maji. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu kuliko yote pwani, jua la saa sita ni la kuchoma, na madimbwi yote yamekauka. Ukiwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu katika yote haya, weka maji, chakula kisubiri. Mimi natumia mkungu, kile kifuniko cha udongo cha kufunikia chungu, nimeupindua na kuukalisha juu ya matofali matatu. Udongo hautelezi, na ukingo wake unashuka taratibu, kwa hivyo ndege huingia kwa kutembea wala hatumbukii. Beseni la plastiki halifai: kuta zake zinateleza, na ndege mdogo akizama humo hatoki. Kina kisipite vidole viwili vilivyolazwa. Katikati weka jiwe. Shore akija kuoga hutua kwanza kwenye jiwe, hunywa mara mbili tatu akiinua kichwa, halafu hujitosa kifua, akapiga mabawa mpaka maji yaruke hata kwenye ukuta. Akimaliza kishungi kimelowa, amefanana na mtu aliyenyeshewa kwenye kivuko cha Likoni.

Maji gani? Visima vyetu vya Kisauni maji yake ni ya chumvi, sabuni haitoi povu. Membe na ndege wengine wa baharini wana tezi kichwani za kuitoa chumvi mwilini. Jurawa, minana na shore hawana. Kwa hiyo watie maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yale unayonunua kwa mtungi. Najua mtungi una bei, na wiki ambazo mifereji imekauka bei hupanda. Lakini mkungu haumalizi hata lita moja kwa siku.

Hapa ndipo penye hatari ambayo vitabu vya Ulaya haviitaji. Mbu wa homa ya dengi, yule mwenye madoa meupe miguuni anayeuma mchana, hapendi mitaro. Anapenda vyombo vidogo vya maji masafi karibu na watu. Mkungu wa ndege ni nyumba aliyojengewa. Dengi ilitusumbua hapa 2013, na mwisho wa 2017 ikaja chikungunya, watu wakatembea wameinama kama wazee kwa maumivu ya viungo. Kwa joto letu, yai la mbu huyo huwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hivi. Basi maji yamwagwe kila siku, nami huyamwaga kwenye mpapai baada ya sala ya alfajiri. Tena kumwaga peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hugandishwa kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji, na huweza kukaa makavu kwa miezi yakingoja kuloweshwa tena. Lazima usugue. Nimeweka burashi ya kufulia nguo palepale kando ya matofali, ili nisipate udhuru. Kama unajua hutaweza kufanya hivi kila siku, usiweke maji kabisa. Hapo sina la kupunguza.

Sasa turudi kwa kunguru, maana Mombasa hakuna mpango wa ndege usioanza na kunguru. Wa asili yetu ni yule aliyevaa kizibao cheupe. Huyu wa shingo ya kijivu ni wa Bara Hindi. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na kufikia 1947 alikuwa ameshaonekana Mombasa. Taka akala, kisha akaendelea na mayai, makinda na vifaranga vya kuku. Mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori Kenya, KWS, lilitangaza kwamba linataka kuondoa kunguru milioni moja. Kazi hiyo ina wenye idhini na dawa yake. Wewe usijaribu kutega sumu uani, kwani haichagui, na paka wa jirani ndiye atakayekufa kwanza.

Kinga yako ni mbili. Usiweke kabisa chakula anachokipenda: wali, nyama, ngozi ya samaki, mabaki ya mahamri. Na nafaka unayoweka iwe ndani ya kitundu. Mwambie fundi wa kuchomelea akutengenezee kisanduku cha waya wenye matundu ya mraba ya sentimita nne, chano kikae katikati, na kutoka chano hadi waya pawe na shubiri moja kila upande, mdomo wa kunguru usifike. Jurawa na minana hupita kwa raha. Tetere hawapiti, ila huokota punje zinazodondoka chini, na wao wameridhika. Fundi wangu wa kwanza alitengeneza matundu makubwa akasema ni yaleyale tu. Kunguru akaingiza kichwa chote, nami nikalipa mara mbili.

Kuhusu chakula chenyewe maneno si mengi. Mtama, uwele, chenga za mchele mbichi. Konzi moja asubuhi, kiwe kimekwisha kufikia saa nne. Kikibaki, punguza kesho. Nusu ya papai lililoiva, nalo ndani ya kitundu, huwaita shore wa mtaa mzima. Nazi waweza kuiweka ikiwa mbichi ndani ya kifuu chake, lakini ile iliyokunwa ikakauka usiitie, hufura tumboni. Mkate hujaza tumbo na haujengi mwili, na chochote chenye chumvi ni adui. Nafaka ihifadhi kwenye debe lenye kifuniko, kwa maana hewa yetu ya bahari ina unyevu, na njugu au mahindi yenye kuvu yana sumukuvu inayoua ndege kama inavyoua watu. Usimpe ndege punje ambayo wewe mwenyewe usingeisaga. Chozi, yule kindege anyonyaye utamu wa maua, hahitaji chochote katika hivi; yeye mpandie mshubiri (aloe), au uache minazi itoe maua.

Kama unafuga kuku, chano kiwe mbali na banda, na vyombo visichanganywe. Kideri na maradhi mengine hupita njia hiyo. Kila wiki osha chano kwa blichi, kipimo kimoja kwa maji tisa, ukisuuze na kukianika juani mpaka kikauke, kisha unawe mikono. Ukiona ndege aliyevimba manyoya, amesinzia, haruki hata ukimkaribia, ondoa chakula wiki mbili, watawanyike.

Paka ni habari nyingine, na Mombasa paka hawana mwenyewe. Weka maji mahali pa wazi, hatua tatu hivi kutoka kichaka chochote, ili ndege amwone anayenyemelea, lakini pawe na tawi la juu la kukimbilia. Punje za chini zifagie kabla ya magharibi, la sivyo panya watakuja, na baada ya panya nyoka. Walio Nyali wana tumbili. Hao ndugu zangu sina dawa yao, kitundu watakifungua wakuangalie usoni.

Kabla ya yote haya, zungumza na watoto wa mtaa. Ukiwazoesha ndege mahali pamoja, umewakusanyia wenye manati na ulimbo. Niliwaita watatu walio wakubwa, nikawapa darubini kwa zamu, na mmoja akapata kazi ya kuhesabu minana kila Jumamosi. Wakati huohuo niliwaambia wazi kwamba kumnasa ndege wa porini na kumfungia tunduni bila kibali ni kosa kwa sheria ya wanyamapori ya 2013. Kilichowashika ni darubini kuliko sheria. Ya kwangu ni ya nane kwa arobaini na mbili, yaani hukuza mara nane na kioo chake cha mbele kina upana wa milimita arobaini na mbili, inatosha kabisa kwa uani. Ihifadhi kwenye mkebe pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, kwa sababu kuvu ya lenzi pwani hii haimsubiri mtu. Kiti chako kiwe kivulini, jua likiwa mgongoni. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi mpaka saa tatu ndiyo saa zao, kisha tena baada ya alasiri.

Chakula nimewafungia kunguru, maji siwafungii. Mkungu uko wazi kwa kila mwenye kiu, na kunguru naye huja mchana, hunywa, na wakati mwingine hulowekea humo alichoiba kwingine. Ukikuta kichwa cha samaki ndani ya maji asubuhi, mwaga, sugua, tia mengine.