Kabla hujanunua matairi ya foowili: ya kuzingatia kwa sisi wa Malindi

Kila ikifika mwezi wa tatu hapa Malindi, kaskazi imelegea, joto limeshika na watu washaanza kutazama mawingu ya masika, sikosi mtu wa kuniuliza, shekhe nataka kubadilisha matairi ya foowili (gari linalovutwa na magurudumu yote manne), ninunue gani? Nami namuuliza, kwani wenda wapi? Hapo ananyamaza. Manake ashaona mahali tairi lenye meno kama ya mamba na moyo ushaenda, kumbe gari lenyewe siku nyingi latoka nyumbani hadi sokoni, na likienda mbali ni Mombasa kwa lami.

Simcheki, mimi mwenyewe niliingia mkenge huohuo. Nilinunua MT, yale ya matope, kwa sababu tu gari lilipendeza nayo, nikawa naringa mtaani. Wiki ya kwanza barabara ya Mombasa nikadhani beringi imekufa, kumbe ni matairi yanaguna kuanzia Gede mpaka Kilifi, redio husikii. Mvua ya kwanza nikagusa breki kwenye lami gari likateleza kama limepakwa sabuni. Na pale nilipokuwa nikijivunia zaidi, mchangani, ndipo nilipoaibika, njia ya kuteremkia pwani upande wa Mambrui gari likachimba shimo likakaa na tumbo, vijana waliokuja kunisukuma wakanambia ami toa upepo, nami nikawaona hawajui kitu. Nilitoa baada ya saa nzima ya ukaidi. Likatoka.

Kwa hivo kabla ya kutoa hela hesabu barabara zako, zile unazopita kweli si zile unazoziota. Mombasa ni kama kilomita 120 za lami, hapo unataka tairi linaloshika lami ikiwa imelowa. Ukipanda Marafa kutazama korongo la Nyari, ama ukielekea geti la Sala uingie Tsavo Mashariki, lami ikikuachia uko kwa murram na changarawe inayokula tairi polepole bila wewe kujua. Mambrui na Ngomeni ni mchanga. Njia za mashambani karibu na bahari zina mawe ya matumbawe yaliyochomoza, makali kama wembe, hayo hayana shughuli na meno ya tairi, yanaenda moja kwa moja ubavuni. Alafu kuna udongo mweusi wa Tana, ukiacha barabara kubwa baada ya Garsen kuingia vijijini, kiangazi mgumu kama saruji, ukipata maji unakuwa ugali unaoganda kwenye tairi mpaka meno yote yamejaa na gurudumu limekuwa duara laini linazunguka bure.

Sasa hapo ndipo herufi zinapokuja. HT ni tairi la lami, kimya, mafuta linakula kidogo, murram ya kawaida linapita lakini ubavu wake mwembamba. AT ni la kati, meno makubwa kiasi, lami linashika vizuri na porini haliaibishi. MT lina meno makubwa yenye nafasi pana katikati ili likizunguka lirushe tope nje, na kwa tope kweli hakuna linaloshinda, ila ile nafasi pana ndiyo hiyohiyo inayokupunguzia mpira unaogusa lami mvua ikinyesha, na mchangani yale meno ukikanyaga mafuta yanakuwa majembe. Mchanga hautaki kuchimbwa, unataka kukanyagwa kwa mguu mpana kama wa ngamia.

Kwa maoni yangu, na watu wa klabu za magari watanizomea, tisa kati ya kumi wa hapa wanahitaji AT na MT ni ya mtu anayefanya kazi ndani ya delta ya Tana, mvua inyeshe isinyeshe. Na hata huyo, maji yakishafunga njia MT haimpeleki popote. Novemba 2023 barabara ya Lamu ilipokatika kwa mafuriko pale Lango la Simba, hapakuwa na tairi la kumsaidia mtu, watu waligeuza.

Ukishajua aina, piga magoti usome ubavu wa tairi, usimwachie muuzaji akusomee. Utaona mfano 265/70R16 112S. 265 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia, yaani urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya huo upana, R ni mpangilio wa nyuzi, 16 ni rimu kwa inchi, 112 ni namba ya mzigo, ina maana tairi moja labeba kilo 1,120, na S ni mwendo, mwisho kilomita 180 kwa saa, ambao kwa barabara zetu na punda na bodaboda sijui utaupatia wapi. Namba ya mzigo ndiyo usiipuuze. Mtu ana foowili ya kubebea saruji na magunia ya mkaa ananunua tairi la namba ndogo kwa kuwa ni rahisi, likipata joto na mzigo ubavu unatoa uvimbe kama jipu, na siku likipasuka ni mwendoni. Ukiona mbele ya saizi kumeandikwa LT ujue limetengenezwa kwa mzigo, ubavu mzito zaidi, kwa matumbawe na changarawe mimi nalipenda hilo ijapokuwa gari likiwa tupu linarukaruka kidogo na mkeo atalalamika.

Umri nao. Tafuta herufi DOT ubavuni, ukifuata mbele mwisho kuna tarakimu 4 kwa kiduara kirefu, 2319 maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Ukikosa upande mmoja tazama upande wa ndani, mara nyingi tarehe imeandikwa upande mmoja tu na fundi ashafunga tairi upande huo umetazama ndani. Mpira huzeeka hata ukilala dukani, na jua letu na joto letu si mchezo, kwa hivo lile la eksi-Japani, yaani lililokwisha kutumika Japani, lenye meno mazuri na bei ya kutamanisha laweza kuwa na miaka 8, likunje kwa mkono kidogo uangalie katikati ya meno na ubavuni, ukiona nyufa ndogondogo kama za kisigino kikavu, achana nalo. Watengenezaji wengi husema tairi likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka na likifika 10 litolewe hata kama meno yapo. Mimi kwa huku sifiki huko. Pia kuna wanaochukua tairi kipara wakalichonga meno upya kwa kisu cha moto, likapakwa rangi nyeusi likang'aa kama jipya, pitisha kidole ndani ya mfereji, ukikuta umekwenda ndani karibu na waya na kingo zake ni za kisu, mwambie asante uende zako.

Saizi ndiyo inayowapoteza vijana. Gari limekuja na 265/65R17, yeye ataka 285/70R17 kwa sababu ya kifua. Piga hesabu basi, la kwanza lina kimo cha kama milimita 776, la pili 831, tofauti ni milimita 55 lakini gari litapanda nusu yake tu, yaani hata sentimita 3 hazifiki, manake nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa hizo sentimita 3 spidi yako itadanganya kwa kama asilimia 7, geji ikisoma 80 wewe uko 85 na kidogo, ukikata kona yote tairi litakwaruza madigadi, gari litakuwa zito kuondoka, na spea yako ya zamani haifanyi kazi tena. Kama gari lako ni lile ambalo magurudumu yote manne yanavuta wakati wote, tairi moja lenye kimo tofauti linafanya difu ya kati, ile inayogawa nguvu ya mbele na nyuma, ifanye kazi bila kupumzika mpaka inachemka, na difu si bei ya tairi. Matano yawe ndugu, saizi moja, aina moja, na meno yasiachane sana.

Jambo jingine la saizi ambalo watu hawalifikirii, je ukiharibikiwa mbali utapata jingine wapi? Rimu ya inchi 16 ina ubavu mrefu, mchangani inatoa upepo vizuri zaidi, na saizi zake ndizo pikapu nyingi za kazi zinazitumia, kwa hivo angalau kuna wa kumuuliza. Inchi 20 zinazong'aa ukipasua tairi Witu utalala Witu. Na rimu ya chuma ikipinda fundi anaigonga kwa nyundo inarudi, ile ya aloi ikipata jiwe vibaya inapasuka.

Haya, upepo. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu naamini upepo sahihi kwa tairi la kawaida unalishinda tairi la bei mbaya lenye upepo mbaya. Kwenye mlango wa dereva, kwa nguzo ule mlango ukifunguka, kuna kibandiko cha kampuni kinachosema PSI (kipimo cha upepo) ngapi mbele na nyuma, gari tupu na gari na mzigo, nyingi huwa kati ya 29 na 36. Hicho ndicho kipimo cha lami, na kinapimwa asubuhi tairi likiwa baridi, ukipima umefika Gongoni saa saba mchana utakuta imepanda PSI 4 ama zaidi na ukiipunguza hapo, jioni tairi litakuwa limelegea. Murram ya mawimbimawimbi inayotikisa gari mpaka bolti za ndani zinalia, shusha mpaka 26 hivi na upunguze mwendo, tairi litameza mawe badala ya kupigana nayo, na ubavu ukilegea kidogo jiwe linauminya halilichomi. Mchanga shusha 18, likikataa 15, chini ya hapo ukikata kona kwa nguvu tairi laweza kuchomoka kwenye rimu. Ukiwa na upepo huo mwendo wako uwe wa arusi, usikate kona ghafla na usikanyage breki kwa hasira.

Sasa ukishatoa utarudishaje? Kuna watu wanatoa upepo mchangani kishapo wanarudi mjini kwa lami na tairi za 18, ubavu unakunjwa na kukunjuka mpaka ndani unachemka, tairi linaharibika siku hiyo na wewe unalaumu kampuni. Kwa hivo kompresa ni sehemu ya bei ya tairi. Ile ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la sigara itakujazia moja huku unakunywa madafu matatu na fyuzi inaweza kukatika, tafuta ya kubana moja kwa moja kwa betri. Na geji yako mwenyewe, manake za petroli nyingine zimepigwa na kuangushwa mpaka hazina imani, mimi nishapimiwa 35 nikafika nyumbani nikapima 27.

Pancha za huku ni za miiba. Mti wa mathenge umejaa upande wa Garsen na mwiba wake hauogopi meno marefu, unaingia, unavunjika ndani, upepo unatoka kidogo kidogo. Beba plagi za kamba na ile koleo yake, mate ni kipimo kizuri cha kutafuta tundu kama huna maji ya sabuni. Ila plagi ni ya sehemu inayokanyaga chini tu. Ubavu ukichomwa hakuna fundi, mzee mmoja wa pancha ninayemwendea nilimbembeleza anizibie ubavu akanambia mwanangu mimi naziba tairi, sizibi kaburi. Kutia tubu ndani ya tairi la tubelesi kunakufikisha mjini, usifanye ndoa.

Spea itazame kabla ya safari, ile inayoning'inia chini ya gari hula chumvi na vumbi mwaka mzima, mnyororo wake ukishika kutu hautateremka na utajua hilo ukiwa umelala chali kwenye tope. Iteremshe nyumbani, tia grisi, jaza upepo zaidi kidogo, rudisha. Jeki ibebe na kipande cha mbao pana, bila mbao mchangani jeki inazama yenyewe. Spana ya nati ijaribu kwa mikono yako, manake dukani wamefunga kwa mashine na kile kikono cha gari kitakunja mgongo nati haijatetereka. Nati zenye kufuli, ufunguo wake uko wapi? Si nyumbani kwa droo?

Ukienda Lamu, kutoka Malindi ni zaidi ya kilomita 200, watu hupanga watembee mchana na hilo nawe ulifuate, pancha ya usiku kule si pahali pake. Gari litabaki Mokowe wewe uvuke kwa boti, na likikaa siku nne tano pale mwiba ulioingia njiani pale Gamba unapata nafasi ya kumaliza kazi yake. Kwa hivo ukirudi, kabla hujapakia mizigo na kabla jua halijachemsha tairi, toa geji uzungukie yote manne, lililoshuka kuliko wenzake tafuta mwiba hapohapo ukiwa karibu na watu na maji ya kunywa, chai ya safari utainywa baadaye.