Jinsi ya kusoma rekodi ya seneta wako kwenye Hansadi

Uchaguzi ukikaribia Kenya, orodha za "maseneta mabubu" husambaa kama moto wa nyikani. Kazi yangu ni kuandaa rekodi za wabunge, na orodha hizo siziamini sana. Zinahesabu mara ngapi mtu alisimama, hazisemi alisimama kufanya nini.

Hatua ya 1: Kusanya vikao. Seneti kwa mfumo wake wa sasa ilianza 2013. Ina maseneta 67 mbali na Spika: 47 wa kuchaguliwa na 20 wa kuteuliwa. Thibitisha mihula ya seneta wako, kisha pakua Hansadi, yaani rekodi rasmi ya mijadala, kwenye tovuti ya Bunge. Siku moja inaweza kuwa na kikao cha asubuhi na cha alasiri, kwa hiyo angalia kama kuna faili mbili.

Hatua ya 2: Tafuta jina, kisha cheo. Akikalia kiti cha Spika, ataandikwa kama Spika wa Muda, jina lake likiwa kwenye mabano. Maneno hayo yaweke kando. Kumpa mwenzako nafasi ya kuzungumza si kuchangia hoja. Mada nazo zitafute kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, maana lugha zote mbili hutumika ukumbini.

Hatua ya 3: Tenganisha aina za michango. Hapa usiharakishe. Mimi hutumia safu tano: miswada, hoja, kauli, maombi ya wananchi, na hoja za nidhamu, yaani kusimama kudai kwamba kanuni za Bunge zimevunjwa. Safu ya mwisho ndiyo inayopandisha hesabu za wapenda kelele. Kuna maseneta wanaoruka na hoja ya nidhamu kila dakika, na ukiisoma huoni kanuni yoyote iliyovunjwa.

Kauli zinataka jicho kali zaidi. Seneta huomba maelezo, tuseme kuhusu dawa kukosekana hospitalini, na suala hupelekwa kwa kamati. Andika tarehe, kisha songa mbele miezi kadhaa utafute suala lilelile. Je, alirudi kudai jibu? Jibu lilipoletwa, alilihoji? Kwangu, anayerudi ana uzito kuliko mwenye kauli 20 alizozitelekeza.

Hatua ya 4: Linganisha maneno na kura. Chukua mjadala wa 2020 kuhusu mfumo wa kugawa mapato kwa kaunti, uliokwama wiki nyingi hadi Septemba. Soma hotuba, kisha orodha ya waliounga mkono na waliopinga. Ila kumbuka Kifungu cha 123 cha Katiba: katika masuala ya kaunti, kila ujumbe wa kaunti, yaani kundi la maseneta wake, una kura moja, na kiongozi wake ni seneta aliyechaguliwa. Seneta mteule asiyeonekana kwenye orodha hiyo si lazima awe alitoroka.

Hatua ya 5: Kagua kamati. Hansadi ya ukumbini haibebi kazi yote ya kamati. Soma ripoti zao kabla ya kumwita mtu bubu.

Ukitaka kumnukuu kwenye jambo zito, omba nakala iliyoidhinishwa kwa ofisi ya Hansadi ya Seneti. Ile ya mtandaoni yenyewe inatamka kuwa ni ya taarifa tu.